TAA ZA BREKI ZA TELA: KUTAFUTA HITILAFU KWA KUPIMA, SI KWA KUBAHATISHA

Utangulizi

Pikapu ivutayo tela ni chombo kinachoonekana katika kila mkoa. Huchukua mapipa ya maji, magunia ya mahindi, mifugo, mashua, jenereta na mashine za kukoboa nafaka. Tela dogo la namna hiyo aghalabu halina breki zake lenyewe. Husimama kwa nguvu ya breki za gari linalolivuta. Hata hivyo lina wajibu mmoja usioweza kubebwa na gari hilo. Mzigo ukishapakiwa, taa za nyuma za pikapu hufichwa, na dereva afuataye hana habari nyingine ya kwamba pikapu inapunguza mwendo ila ile atakayopewa na taa za tela.

Tuipime thamani ya habari hiyo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika kila sekunde moja. Dereva wa nyuma akikosa kuona taa ya breki, hana budi kungoja mpaka macho yake yatambue kuwa tela lililo mbele linakua kwa ghafla. Akichelewa kwa sekunde moja tu, atakuwa amekwisha kupita meta 22 kabla ya kugusa breki, yaani karibu urefu wa mabasi mawili makubwa yaliyofuatana. Usiku, au wakati wa mvua, kuchelewa huko huweza kuzidi. Basi balbu ndogo isiyowaka si dosari ya mapambo. Ni umbali uliopotea.

Pamoja na hayo, hitilafu za taa za tela ni miongoni mwa zile zinazosumbua sana karakana zetu. Sababu yake si ugumu wa umeme wenyewe, bali ni desturi ya kubahatisha. Hubadilishwa balbu, kisha fyuzi, kisha swichi, kisha waya mzima. Fedha hutumika, na taa hubaki zimezimika au huwaka leo na kuzimika kesho. Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia ya kufuata hatua kwa hatua, ambayo kila hatua yake hugawa tatizo na kuacha sehemu ndogo zaidi ya kutafuta. Mwenye kuifuata hahitaji vifaa vya gharama kubwa. Anahitaji kuielewa njia ya umeme, na kukubali yale ambayo kipimo kinamwambia.

1. Njia ya umeme

Umeme hufanya kazi pale tu unapopata njia kamili ya kwenda na kurudi. Njia hiyo huitwa saketi. Katika taa za breki za pikapu na tela lake, saketi huwa hivi: umeme hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita katika fyuzi, kisha katika swichi iliyo karibu na pedali ya breki. Pedali ikikanyagwa, swichi hufunga njia na umeme huendelea hadi nyuma ya gari. Hapo njia hugawanyika: tawi moja huenda katika taa za pikapu, na tawi jingine huenda katika soketi ya tela. Kutoka katika soketi umeme huingia katika plagi, hufuata waya wa tela, na kufika katika balbu.

Hapa ndipo wengi hukomesha fikira zao, kana kwamba umeme ukishafika kwenye balbu umemaliza safari. La hasha. Umeme uliopita katika balbu hauna budi kurudi kwenye ncha hasi ya betri. Njia hiyo ya kurudi, ambayo mafundi huiita ethi, hutoka katika kishikio cha balbu, hupita katika waya mweupe wa tela, plagi, soketi na chesisi ya pikapu, mpaka kwenye betri. Njia ya kurudi ikikatika, taa huzimika sawasawa na vile ambavyo ingezimika kama njia ya kwenda ingekatika.

Pikapu nyingi hutumia umeme wa volti 12, ilhali malori makubwa hutumia volti 24. Makala haya yanahusu umeme wa volti 12. Soketi yenye pini saba iliyoenea kwa magari ya namna hii hupangwa kama ifuatavyo:

Jedwali Na. 1: Pini za soketi ya tela, volti 12

Pini 1 (alama L): waya wa njano, indiketa ya kushoto
Pini 2 (alama 54G): waya wa buluu, taa ya ukungu au matumizi mengine
Pini 3 (alama 31): waya mweupe, ethi
Pini 4 (alama R): waya wa kijani, indiketa ya kulia
Pini 5 (alama 58R): waya wa kahawia; taa ndogo ya nyuma, kulia
Pini 6 (alama 54): waya mwekundu, taa za breki
Pini 7 (alama 58L): waya mweusi, taa ndogo ya nyuma, kushoto

Namba hizi kwa kawaida huwa zimechorwa katika plastiki ya soketi yenyewe. Msomaji aziamini namba kuliko rangi, kwa maana tela lililokwisha kutengenezwa mara kadhaa huenda likawa na waya wa rangi yoyote iliyopatikana siku ile. Kwa makosa yetu pini mbili tu ndizo muhimu: pini 6 na pini 3.

2. Hesabu ndogo yenye faida kubwa

Balbu ya kawaida ya taa ya breki hutumia wati 21. Mara nyingi huwa na nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi wa wati 21 kwa breki, na uzi wa wati 5 kwa taa ndogo ya nyuma. Wati zikigawanywa kwa volti, hupatikana ampea. Kwa hiyo balbu moja ya breki huchukua 21 ÷ 12, yaani ampea 1.75, na balbu mbili za tela huchukua ampea 3.5.

Kanuni ya pili ni ile iliyochapishwa mwaka 1827 na mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm: volti ni sawa na ampea mara ukinzani. Ukinzani ni ule uzito ambao kipitishi hukabili nao mkondo wa umeme, nao hupimwa kwa omu. Balbu mbili za tela zikiwaka kwa pamoja zina ukinzani wa 12 ÷ 3.5, yaani omu 3.4 hivi.

Sasa tuseme pini ya ethi imeshika kutu, na kutu hiyo imeongeza ukinzani wa omu 1.7. Hilo ni jambo dogo sana kwa macho. Ni utando mwembamba tu wa kijani juu ya shaba. Ukinzani wote sasa ni 3.4 + 1.7, yaani omu 5.1, na mkondo hupungua kutoka ampea 3.5 hadi ampea 2.35. Volti zinazofika kwenye balbu ni 8 tu. Nne zilizobaki hupotea katika kutu. (Kwa kweli ukinzani wa uzi wa balbu hubadilika kadiri joto lake linavyobadilika, lakini hesabu hii yatosha kwa kazi yetu.)

Mambo mawili hufuata. Kwanza, mwanga wa balbu ya uzi hupungua upesi kuliko volti. Theluthi moja ya volti ikipotea, mwanga haupungui kwa theluthi moja. Hubaki takriban robo ya ule wa kwanza. Taa itaonekana karakani, katika kivuli, kuwa inawaka. Barabarani, katika jua la adhuhuri, dereva wa nyuma hataiona. Pili, umeme uliopotea katika kutu haukutoweka bali umegeuka kuwa joto: volti 4 mara ampea 2.35 ni zaidi ya wati 9, zilizokusanyika katika pini moja. Ndiyo sababu plastiki ya soketi mbovu aghalabu hukutwa imeyeyuka kuzunguka pini ya ethi.

3. Mita yaweza kusema kweli na ikatupoteza

Fundi huchomoa balbu, akaweka ncha za voltimita katika kishikio, na kusoma volti 12. Husema, "Umeme upo," kisha hununua balbu mpya, nayo haiwaki. Je, mita imesema uongo?

Mita haikusema uongo. Voltimita ya kisasa ina ukinzani mkubwa mno, aghalabu omu milioni kadhaa, na kwa hiyo hupitisha mkondo mdogo kabisa. Mkondo ukiwa mdogo, volti zinazopotea katika kutu nazo huwa ndogo kabisa, hata kama kutu hiyo ina ukinzani wa omu mia moja. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya nyuzi thelathini huweza kuonyesha volti 12 kamili mpaka pale balbu inapodai ampea zake. Hapo volti huanguka.

Huu ni mfano wa jambo kubwa katika sayansi ya kupima: kipimo hujibu swali lililoulizwa, si swali tulilodhani tumeliuliza. Voltimita peke yake huuliza, "Je, pana njia yoyote?" Sisi twataka kujua, "Je, njia hii yaweza kubeba mzigo wake?" Basi kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba saketi ya taa ipimwe ikiwa imebeba mzigo.

Kwa sababu hiyo, kifaa bora cha kutafutia hitilafu za tela la kawaida ni taa ya majaribio itengenezwayo kwa balbu ya wati 21, kishikio chake, na nyaya mbili zenye vibanio. Ikiwaka kwa mwanga kamili, njia ni nzima. Ikiwaka kwa unyonge, njia ipo lakini ni mbovu. Isipowaka, njia imekatika. Taa ya namna hii hutumika katika nyaya za taa tu. Isitumiwe katika nyaya za kompyuta ya gari, kwani mkondo wake waweza kuziharibu.

4. Hatua za kupima

Kabla ya kuanza, gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu ya tela yawekewe mawe au kabari. Pete na saa ya chuma zivuliwe. Msaidizi mmoja akanyage pedali. Kama hayupo, fimbo iliyokatwa kwa urefu wa kufaa, ikiegemezwa kati ya kiti na pedali, itafanya kazi hiyo.

Hatua ya kwanza: pikapu peke yake. Plagi ya tela ichomolewe na pedali ikanyagwe. Taa za breki za pikapu zisipowaka hata moja, hitilafu iko mbele, katika fyuzi, swichi ya pedali au waya kati yake na nyuma ya gari. Tela halina kosa. Ikikosa moja tu, itazamwe balbu yake na kishikio chake. Kazi ya tela isianzwe kabla pikapu haijawa sawa.

Hatua ya pili: soketi ya pikapu. Taa ya majaribio iunganishwe kati ya pini 6 na pini 3 za soketi, na pedali ikanyagwe. Ikiwaka kwa mwanga kamili, pikapu imeondolewa lawama. Isipowaka, au ikiwaka kwa unyonge, mguu wa taa ulio katika pini 3 uhamishwe hadi kwenye chuma safi cha chesisi. Ikiwaka vizuri sasa, ethi ya soketi ndiyo mbovu. Isipowaka bado, waya mwekundu uliotoka kwenye tawi hadi katika soketi umekatika au umeshika kutu.

Hatua ya tatu: tela peke yake. Ichukuliwe betri ya volti 12. Ncha yake hasi iunganishwe na pini 3 ya plagi ya tela, na ncha yake chanya, kupitia fyuzi ya ampea 10, iguse pini 6. Taa zote mbili za tela zikiwaka kwa mwanga kamili, msomaji atakuwa amefikia jambo la ajabu kidogo: pikapu ni nzima na tela ni zima, lakini vikiunganishwa haviwaki. Hitilafu basi haiwezi kuwa popote ila pale plagi na soketi zinapokutana. Pini zimelegea, zimepinda, au zimefunikwa na kutu.

Hatua ya nne: kusoma dalili za tela. Taa zote mbili zisipowaka katika jaribio la betri, si kawaida balbu mbili kuungua siku moja. Itafutwe sehemu inayotumiwa na zote mbili, yaani waya mwekundu kabla haujagawanyika, au ethi. Ikikosa moja tu, sehemu hiyo ya pamoja ni nzima. Iangaliwe balbu, kishikio, na tawi la upande huo pekee.

Hatua ya tano: kutenganisha njia ya kwenda na ya kurudi. Betri ikiwa bado imeunganishwa, waya mwingine utolewe katika ncha hasi ya betri hadi kwenye chuma cha kishikio cha taa isiyowaka. Taa ikiwaka, kosa liko katika ethi ya tela. Isipowaka, balbu ikiwa imethibitishwa kuwa nzima, kosa liko katika waya mwekundu au katika kiguso cha kishikio. Mwenye voltimita aweza kupata jibu lile lile kwa usahihi zaidi: taa zikiwa zimewashwa, apime volti kati ya chuma cha kishikio na ncha hasi ya betri. Njia nzuri ya kurudi haitaonyesha zaidi ya nusu volti hivi. Ikionyesha volti 3 au 4, hizo ndizo volti zilizoibwa kutoka katika balbu.

Hatua ya sita: kugawa kwa nusu. Tuseme imejulikana kuwa waya mwekundu wenye urefu wa meta sita umekatika mahali fulani. Asianze mtu kuuchunguza inchi kwa inchi kutoka mwanzo. Apime kwenye kiungo kilicho karibu na katikati. Umeme ukifika hapo, nusu ya mbele ni nzima. Usipofika, nusu ya nyuma haina haja ya kutazamwa kwanza. Kwa kupima mara tatu, meta sita huwa chini ya meta moja. Hapo waya uvutwe na kupindwa kwa mkono. Mahali ambapo shaba imekatika ndani, kihami cha nje huvutika kama mpira.

Desturi ya kutoboa waya kwa sindano ili kupima haifai. Tundu lile huingiza maji, na hitilafu ya leo huzaa hitilafu ya masika yajayo. Kupimia kwenye viungo na vishikio ni bora.

5. Ethi mbovu na vituko vyake

Hitilafu za ethi zastahili sehemu yake, kwa kuwa dalili zake huonekana kama uchawi. Breki inakanyagwa, na indiketa zote mbili zinawaka kwa unyonge. Taa ndogo zinawashwa, na taa za breki zinazimika. Indiketa ya kushoto inapepesa, na taa za kulia nazo zinapepesa.

Maelezo yake ni rahisi. Taa zote za tela hurudisha umeme kwa waya mmoja mweupe. Waya huo ukikatika, umeme uliopita katika uzi wa breki hufika penye ethi na kukuta mlango umefungwa. Lakini penye ethi hiyo hiyo zimeunganishwa pia nyuzi za indiketa na za taa ndogo. Umeme basi huingia katika nyuzi hizo kwa kinyumenyume, hupanda nyaya zake hadi kwenye pikapu, na kurudi kwa kupitia balbu za pikapu ambazo ethi yake ni nzima. Kwa kuwa sasa balbu kadhaa zimefuatana katika njia moja, zinagawana volti 12, na kila moja hupata kiasi kidogo. Ndiyo maana zote huwaka kwa unyonge.

Kwa hiyo kanuni ifuatayo yafaa kukaririwa: taa moja ikizimika, shuku balbu, taa nyingi zikichanganyikiwa kwa pamoja, shuku ethi.

Matela mengi hayana waya mweupe kabisa. Aliyeyatengeneza alitegemea chuma cha tela kigusane na chuma cha pikapu kwenye tufe la kuvutia. Njia hiyo si ya kutegemewa. Tufe hupakwa grisi, hushika kutu, na hucheza kila gurudumu linapoingia shimoni. Taa nazo hucheza pamoja nalo. Tena waya wa ethi uwe mnene kuliko zile nyingine, kwani hubeba mkondo wa taa zote. Usiku, dereva akikanyaga breki huku akionyesha kwamba anakata kona, waya huo hubeba wati 42 za breki, wati 10 za taa ndogo na wati 21 za indiketa. Jumla wati 73, yaani ampea 6 hivi.

6. Fyuzi ikatikayo kila breki ikikanyagwa

Hitilafu hii ni kinyume cha zilizotangulia. Huko umeme ulikosa njia. Hapa umepata njia ya mkato. Aghalabu waya mwekundu umesuguliwa na ukingo wa chesisi mpaka kihami kikatoboka, na shaba ikagusa chuma. Kama ukinzani wa njia hiyo ni sehemu moja ya kumi ya omu, mkondo waweza kufika ampea 120, nao hutoa joto linalozidi wati elfu moja. Fyuzi huungua ili waya usiungue.

Kuweka msumari, waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi hakuondoi hitilafu. Huhamisha tu mahali pa kuungua kutoka katika fyuzi hadi ndani ya gari, penye zulia, viti na mabomba ya mafuta.

Njia iliyo salama, nayo haitumii fyuzi kumi, ni hii. Plagi ya tela ichomolewe. Fyuzi mpya isipokatika, kosa ni la tela. Ikikatika, kosa ni la pikapu. Kisha balbu zote za breki zitolewe, plagi irudishwe kama kosa ni la tela, fyuzi iondolewe, na taa ya majaribio ya wati 21 iunganishwe katika nafasi zake mbili. Pedali ikanyagwe. Taa hiyo itawaka kwa mwanga kamili, lakini haitapitisha zaidi ya ampea 1.75 hivi, kiasi ambacho waya wakibeba bila madhara. Sasa waya utikiswe na kuvutwa kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale unapopita katika matundu ya chuma au kando ya bomba la moshi. Mahali ambapo mguso wa mkono utaizima taa, hapo ndipo penye kosa.

7. Matela ya ugenini na magari ya siku hizi

Tela lililotoka Marekani huweza kumshangaza fundi. Huko plagi ndogo ya nyaya nne imeenea sana: waya mweupe ni wa ethi, wa kahawia ni wa taa ndogo, wa njano ni wa upande wa kushoto, na wa kijani ni wa upande wa kulia. Hakuna waya wa breki peke yake. Uzi mmoja wa balbu hufanya kazi mbili: huwaka mfululizo kwa breki, na hupepesa kwa indiketa. Pikapu iliyotengenezwa kwa soko letu, yenye indiketa mbali na breki, haiwezi kuunganishwa nalo moja kwa moja. Hutakiwa kisanduku maalumu cha kubadilisha ishara, au kufunga tela taa mpya zenye indiketa za peke yake. Kuzifunga nyaya za breki na indiketa pamoja kwa nguvu hufanya indiketa moja iwashe taa zote.

Jambo la pili ni taa za diodi, ambazo mafundi huziita LED. Hizi hutumia wati chache tu, hazina uzi wa kukatika kwa mtikisiko, na hufikia mwanga wake kamili karibu papo hapo, ilhali balbu ya uzi hukawia kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, tofauti hiyo ni zaidi ya meta nne kwa dereva wa nyuma. Hata hivyo, gari lenye kompyuta ichunguzayo balbu laweza kuuona mkondo wao mdogo na kudhani kuwa balbu imeungua. Tena katika magari hayo nyaya za tela zisiunganishwe kwa kukata waya wa taa za gari. Hutumiwa rilei au kisanduku cha tela kilicho na fyuzi yake, ambacho huchukua umeme wake moja kwa moja katika betri.

8. Kutengeneza ili idumu

Hitilafu iliyopatikana na kufungwa kwa gundi ya utepe peke yake itarudi. Kiungo cha waya kisafishwe kwa msasa laini, kibanwe kwa kibanio kifaacho au kichomelewe kwa risasi, kisha kifunikwe kisiingie maji. Waya uwe wa shaba, wenye upana wa milimeta mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa ethi. Waya wa shaba wa milimeta mraba 1 una ukinzani wa omu 0.017 kwa kila meta. Kwa njia ya meta kumi, balbu mbili hupotezewa volti 0.6. Waya wa nusu yake hupoteza volti 1.2 hata ukiwa mpya.

Ethi ifungwe kwa skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae, kisha ipakwe grisi juu. Kila waya upitao katika tundu la chuma uvishwe mpira. Pini za plagi zisafishwe na kupakwa grisi kidogo, na plagi isiachwe kuburuta ardhini.

Wakazi wa pwani, na hasa wenye matela ya mashua, wana adui zaidi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na penye pini mbili zenye umeme ndani ya maji hayo shaba huliwa upesi. Tena balbu iliyopata moto ikizamishwa ghafla, kioo chake hupasuka. Plagi ichomolewe kabla tela halijashushwa majini, balbu ziachwe zipoe, na baada ya kazi taa zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mwisho, kila safari itanguliwe na ukaguzi wa nusu dakika: taa ndogo, indiketa ya kushoto, indiketa ya kulia, breki, kisha breki tena huku taa nyingine zote zikiwaka. Jaribio hilo la mwisho ndilo linalobebesha ethi mzigo wake wote, na ndilo linalofichua udhaifu ambao majaribio manne ya kwanza huupita.

Maswali ya kujipima

1. Pikapu ina taa tatu za breki za wati 21 kila moja, na tela lina mbili. Zote hupita katika fyuzi moja ya ampea 10. Mwenye tela ataka kuongeza mbili nyingine. Je, inafaa?

2. Voltimita yaonyesha volti 12.4 katika kishikio kisicho na balbu. Balbu nzima ikiwekwa, huonyesha volti 3. Eleza.

3. Taa za breki za tela huwaka vizuri mchana, lakini hufifia usiku taa ndogo zikiwashwa. Pa kuanzia ni wapi?

Majibu

1. Balbu tano huchukua 5 × 1.75, yaani ampea 8.75, fyuzi yavumilia. Balbu saba huchukua ampea 12.25, fyuzi itakatika. Isiwekwe fyuzi kubwa zaidi, kwa sababu fyuzi huchaguliwa kwa kufuata unene wa waya, si kwa kufuata tamaa ya mwenye gari. Taa za tela zipewe rilei na fyuzi yake.

2. Njia ipo, lakini ina ukinzani mkubwa kuliko wa balbu. Volti 9.4 zinapotea katika kutu au waya uliokatika nusu. Balbu haina kosa.

3. Katika ethi ya tela. Taa mpya zinapowashwa, mkondo wa njia ya kurudi huongezeka, na volti zinazopotea humo huongezeka pamoja nao.